Kujitunza kwa Kituo

Kuna maneno matano ambayo siku hizi hayaachani kwenye mabango na vipeperushi vya afya: "utaratibu endelevu wa utunzaji binafsi". Jambo lenyewe ni jema, na msomaji wa makala hii hahitaji kufundishwa: mtu alale vya kutosha, ale kwa kipimo, atembee, apime shinikizo la damu, aipumzishe akili, na afanye hayo siku zote bila kungoja augue. Ugomvi wangu ni na jina. Jina hilo ni baya, linapotosha, na Kiswahili kina lililo bora tangu enzi za misafara.

Nianze na "binafsi". Lilitoka Kiarabu likiwa vipande viwili, bi na nafsi, yaani kwa nafsi. Waswahili wakalipokea kwa maana hiyo hiyo: "nilikwenda mimi binafsi" ni kusema sikutuma mtu. Miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipouzwa, neno likashika sana maana ya kisicho cha umma. Tuna shule binafsi, hospitali binafsi, sekta binafsi, na tukaongeza ubinafsishaji. Ubinafsi nao ni jina la choyo. Basi mkazi wa Ipuli, hapa kwetu Tabora, akisoma "utunzaji binafsi" ukutani anapongoja kumwona daktari, aelewe nini? Bibi mmoja niliyeketi naye benchi moja aliniuliza, "Mwanangu, hii ya binafsi ndiyo ile ya kulipia?" Nikamjibu, "Hapana, bibi, hii ni ya kwako mwenyewe, nyumbani kwako." Swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Aliyekosea ni mwandishi wa bango.

Tafsiri hiyo haiifuati hata dhana ya Kiingereza, self-care, inayodai kuifasiri. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linaieleza kuwa uwezo wa watu, familia na jamii kujenga afya, kuzuia maradhi na kukabiliana na ugonjwa au ulemavu, mhudumu wa afya awepo au asiwepo. Familia imo na jamii imo. "Binafsi" imezifukuza zote mbili.

Wapo wanaopendekeza "kujijali". Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Kujali ni kutia jambo moyoni, na mtu anaweza kujali sana asitende lolote. Tena kwetu, mtu akisemwa kwamba anajijali yeye tu, hajasifiwa.

Kutunza ni kutenda. Anayetunza mzinga wa nyuki katika miombo ya Tabora haukumbuki siku ya kurina asali peke yake. Huutazama mara kwa mara. Neno hili lina maana ya pili ambayo kamati za istilahi zimeisahau: kwenye ngoma na harusi, kumtunza mchezaji au bi harusi ni kumpa zawadi mbele za watu. Tuzo ni ndugu yake. Matunzo, kwa upande mwingine, ni haki ambayo mtoto anaweza kuidai hadi mahakamani. Kwa hiyo anayejitunza anajilinda, anajipa heshima, na anatimiza wajibu. Kiambishi -ji- kinatosha kuonyesha kwamba mtenda ndiye mtendwa. Ndicho kilichomo katika kujitegemea kwa Azimio la Arusha la 1967. Sheria ya VVU iliporekebishwa mwaka 2019 ili mtu aruhusiwe kujipima, hakuna aliyehitaji kuelezwa "kujipima" ni nini.

Linabaki lile la kufanya jambo bila kuruka siku. Hapa ndipo penye neno langu, kituo, na nitalitetea.

Mzizi ni tua. Kutua ni kuuweka chini mzigo. Zamani kitenzi hiki kilikuwa na sauti ya l ambayo ilidondoka mwishoni, kama ilivyodondoka katika chukua na fungua, lakini hurudi tukinyambua: chukulia, fungulia, na kwa tua, tulia. Humo wamezaliwa utulivu, mtulivu na kutuliza. Jua nalo hutua. Kituo ni mahali pa kutulia mzigo, na pia ni hali ya aliyetua. Ndiyo maana wazee husema mtu fulani hana kituo, yaani haoni raha mahali pamoja, leo hili kesho lile. Na kazi njema hufanywa kwa kituo, polepole, kwa mpango, bila papara.

Nani alilijua neno hili kwa mabega yake kuliko wapagazi wa Kinyamwezi? Mpagazi aliyechukua pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, huku kwetu Tabora, hadi Bagamoyo pwani alibeba hata frasila 2, kama kilo 32, kwa safari ya miezi 3 hivi. Msafara uliondoka alfajiri, kirangozi mbele, ukatua kabla jua halijawa kali. Posho ilipimwa kwa kibaba. Mpagazi hakutua alipochoka. Alitua kituoni, akajua kesho atatua wapi. Aliyekwenda mbio siku mbili ili alale ya tatu alibaki njiani. Hata mmisionari Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mji wetu wa Tabora, tangu Februari hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi, kwa kuwa bila watu hao safari haikuwapo.

Basi istilahi ni *kujitunza kwa kituo*. Maneno matatu, yote yetu. Nimeambiwa kwamba msomaji atafikiri kituo cha basi au cha polisi. Hoja hiyo ni dhaifu. Hakuna Mswahili anayesikia "alizungumza kwa kituo" akadhani msemaji alikuwa stendi. Muktadha hufanya kazi yake, kama ufanyavyo kwa kaa, kata na paa. Niliyaandika haya yote, nikayapeleka kwa wanaohusika, nikajibiwa kwamba yatajadiliwa. Sikuona mjadala. Niliona bango jipya lenye maneno yale yale matano, na iliniuma, kwa sababu walaji wa maneno hayo ni majirani zangu.

Kwamba jina fupi hudumu, ushahidi tunao. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliingia vijijini kwa redio na vitabu. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza, wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Jina lilikuwa maneno matatu, na walioishi wakati huo wanalikumbuka mpaka leo.

Matumizi ya istilahi yangu nayo ni mepesi: "Jitunze kwa kituo", "amekosa kituo katika kulala", "dakika 150 za kutembea kwa wiki, kwa kituo".

Wenye kuandaa mabango ya afya, nawaomba: kabla ya kuchapa, msomeeni mtu mmoja anayengoja zamu yake benchini, mwulizeni ameelewa nini. Na msomaji mwenye neno bora kuliko langu alilete, mradi liwe linasemeka Ipuli bila mkalimani.