Amarone: mvinyo uliozaliwa kwenye chanja

Ukiunusa kabla ya kuuonja, Amarone hukuahidi utamu: cheri zilizokaushwa, kakao, tumbaku, mdalasini. Ulimi unapoufikia, sukari haipo. Mvinyo huu mwekundu wa Valpolicella, vilimani kaskazini mwa Verona, Italia, hauruhusiwi kuwa na kileo chini ya asilimia 14, na mara nyingi hufika 16. Haunywewi kwa pupa.

Nguvu hiyo hutoka darini. Zabibu za Corvina, Corvinone na Rondinella huchumwa kwa mkono, zikatandazwa juu ya chanja zinazopitisha hewa na kuachwa miezi mitatu au minne. Maji hukauka, na uzito hupungua kwa thuluthi moja au zaidi. Mwenye shamba hupita akikagua vishada, maana kimoja kikioza huambukiza jirani zake. Zabibu zilizosalimika hukamuliwa katikati ya baridi, na chachu hufanya kazi taratibu kwa majuma kadhaa.

Kukausha zabibu hapa ni kazi ya kale. Katika karne ya 6, Cassiodorus, aliyewatumikia wafalme wa Waostrogothi, aliandika akiusifu mvinyo wa Verona wa zabibu zilizohifadhiwa hadi baridi. Huo ulikuwa mtamu, babu wa Recioto ya leo. Chachu ikila sukari yote, mvinyo ulionekana umeharibika.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1936, Adelino Lucchese, msimamizi wa ghala la ushirika wa Negrar, alikuta pipa la Recioto lililosahauliwa hadi chachu ikamaliza sukari yote, akaonja, akashangaa. Masimulizi hayo yananoga, ila mimi nayapokea kwa tahadhari: familia za huko zilikuwa zikikutana na mapipa ya namna hiyo miaka nenda miaka rudi. Ushirika ulithubutu kuuza kile ambacho wengine walikionea haya. Miaka ya 1950 chupa ziliingia sokoni, na mwaka 2010 Amarone ikapewa daraja la juu kabisa katika sheria ya mvinyo ya Italia.

Aliyeipa heshima kubwa ni fundi mmoja wa Negrar, Giuseppe Quintarelli, aliyefariki mwaka 2012. Mvinyo wake ulikaa miaka mingi ndani ya mapipa makubwa ya mwaloni, na lebo zake zilikuwa na sura ya mwandiko wa mkono. Mwaka ambao mvinyo haukumridhisha, aliunyima jina la Amarone na kuuuza kwa bei ya chini kama Rosso del Bepi.