Mbao, Kitambaa na Joto la Rufiji

Mwezi wa Februari 1915, ndege mbili za majini aina ya Sopwith zilifikishwa Nyororo, kisiwa kidogo cha jirani na Mafia. Zilikuwa zimetoka Uingereza kwa kazi moja tu: kuichungulia na ikiwezekana kuilipua manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Hazikupata hata nafasi ya kupigwa risasi. Joto liliyeyusha gundi, rafadha za mbao zikaachana, na kila zilipobebeshwa rubani, mwangalizi na mabomu, zilikimbia juu ya maji zisiweze kunyanyuka.

Habari za marubani wa Vita Kuu ya Kwanza husimuliwa zaidi kwa mapigano ya angani ya Ufaransa na Ubelgiji, rubani kwa rubani, bunduki kwa bunduki. Huku kwetu hapakuwa na mapigano ya namna hiyo. Wajerumani walianza vita wakiwa na ndege moja Dar es Salaam, mali ya Bruno Büchner aliyekuja kwa ajili ya maonyesho ya Agosti 1914, na hiyo iliharibika mapema. Anga ilikuwa tupu. Hata hivyo marubani walianguka, walizama, walitekwa na walikufa kwa maradhi. Adui wao wa kwanza alikuwa chombo walichokalia.

Königsberg iliingia Rufiji baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Nahodha wake, Max Looff, aliipandisha mtoni hadi nyuma ya mikoko. Waingereza waliijua delta iliko, lakini meli zao kubwa zilihitaji kina cha maji ambacho vijito vile havikuwa nacho. Wakamkodi rubani wa kiraia kutoka Durban, H. Dennis Cutler, wakampa cheo cha uanajeshi, naye akaja na ndege za Curtiss ambazo tumbo lake lilikuwa kama mtumbwi. Rejeta ilipovuja, ikabidi manowari ipelekwe Mombasa kutafuta rejeta ya gari la Ford ndipo safari za angani ziendelee. Ndivyo vita vya anga vya Afrika Mashariki vilivyoanza, na sioni sababu ya kuvipamba zaidi ya hapo.

Safari ya kwanza Cutler alipotea, akalazimika kutua kisiwani akingoja kutafutwa. Tarehe 22 Novemba aliiona Königsberg. Mnamo tarehe 10 Desemba injini ilimzimikia juu ya delta, akatua mtoni, akakamatwa. Wenzake waliingia kwa mashua chini ya risasi wakaivuta ndege nje. Rubani alibaki mikononi mwa Wajerumani hadi 1917.

Ndege za miaka ile zilikuwa mifupa ya mbao iliyovikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza, mabawa mawili juu na chini yakishikanishwa kwa nguzo na nyaya. Katika baridi ya Ulaya muundo huo ulikuwa mwepesi na imara kiasi. Pwani ya Rufiji, mbao zilivimba kwa unyevu na kujipinda kwa jua, nyaya zikalegea, kitambaa kikapoteza ukakamavu. Kubwa zaidi ni hewa yenyewe. Hewa ya joto ni nyepesi: bawa hupata kidogo cha kujiegemeza, rafadha hupata kidogo cha kusukuma, na injini huvuta pumzi pungufu ya ile inayohitaji. Injini ya nguvu-farasi 80 au 90, ambayo hata Ulaya haikuwa na ziada, hapa ilipungukiwa kabisa.

Hili lilionekana Aprili 1915, rubani John Cull alipoletewa ndege za Short kutoka Bombay, zilizokwisha tumika sana. Tarehe 25 Aprili alifika juu ya Königsberg na kuipiga picha, lakini ndege yake ilikataa kupanda hata kufikia mita 300. Kwa kimo hicho askari mwenye bunduki ya kawaida hahitaji kuwa hodari. Anayeruka chini namna hiyo pia hana muda: injini ikizima, hana nafasi ya kuteleza polepole akichagua pa kutua, na chini ni mikoko, tope na mamba. Waingereza hawakuwapa marubani wa ndege zao miavuli katika vita vile, jambo ambalo limelaumiwa sana tangu hapo. Ila kwa Cull, kwa kimo kile, mwavuli usingewahi hata kufunguka.

Juni 1915 mambo yalibadilika. Mafia ilikuwa imetwaliwa na Waingereza tangu Januari, na sasa uwanja ulifyekwa huko kwa ajili ya ndege za nchi kavu: Caudron mbili na Henri Farman mbili, hizi za pili zikiwa na mifupa ya chuma badala ya mbao. Chuma hakiogopi unyevu. Lakini ndege ya magurudumu ilibidi ivuke bahari kutoka Mafia hadi delta, na ikizimika njiani haina cha kuelea nacho. Tena injini ya Farman ilikuwa nyuma ya rubani. Ndege ikianguka kwa pua, ule mzigo wote wa chuma humfuata mgongoni.

Pamoja nazo zilikuja manowari mbili za maji mafupi, Severn na Mersey. Wapiga mizinga wake hawakuweza kuiona shabaha nyuma ya mikoko, hivyo mwangalizi angani aliwaelekeza kwa simu ya upepo, herufi baada ya herufi: umepitiliza, umepungukia, sogea kushoto. Kwa hiyo ndege haikuweza kupita na kukimbia. Ilibidi izunguke palepale kwa saa nyingi, huku Königsberg ikijua wazi kwamba ikiiangusha, mizinga ya Waingereza itapofuka. Shambulio la kwanza, la tarehe 6 Julai, lilishindwa.

Siku ya tarehe 11 Julai, Cull alipaa na mwangalizi wake, Harwood Arnold. Severn ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kulenga sawasawa pale vipande vya kombora vilipovunja injini ya Farman. Cull akaanza kushuka bila injini kuelekea mahali manowari zilipo. Arnold, badala ya kujishika, aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha wakati ndege inazama kuelekea mtoni, akaongeza na ombi la mashua. Mizinga ikaipata Königsberg katika dakika zile zile. Farman iligusa maji ikapinduka. Arnold alitupwa nje. Cull alizama akiwa amefungwa na mkanda wa kiti, akahangaika chini ya maji hadi akajinasua. Mashua ya Mersey ikawaokota wote wawili. Mchana huo Wajerumani waliilipua meli yao wenyewe, na mizinga yake 10 ikaopolewa baadaye kuendeleza vita bara.

Bara, hatari ilikuwa na sura nyingine. Kikosi cha 26 cha ndege za Waingereza, chenye Waafrika Kusini wengi, kiliweka kambi Mbuyuni, upande wa Taveta, mapema 1916, kikafuata jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts kuelekea kusini. Ramani hazikuwa na kitu, na pori ambalo kutoka juu linaonekana laini ni miiba na magogo. Aliyetua salama alianza safari nyingine kwa miguu, bila maji ya kutosha. Malaria iliwalaza wengi kuliko risasi. Katika Ziwa Tanganyika, Mbelgiji Aimé Behaeghe, mmoja wa marubani walioshambulia Kigoma na meli Graf von Götzen, inayojulikana leo kwa jina la Liemba, alifariki kwa ugonjwa huko Kongo Desemba 1916.

Rufiji yenyewe ilikuwa bado haijamaliza. Tarehe 6 Januari 1917, rubani Edwin Moon na Kamanda Richard Bridgeman walitua deltani baada ya injini kuwaharibikia. Waliiteketeza ndege yao isimfae adui, wakatangatanga siku kadhaa katika vijito na tope, wakiogelea pale pasipopitika. Mwishowe waliunda chelezo. Maji kupwa yaliwachukua hadi baharini, na huko Bridgeman akafa kwa uchovu. Moon alirudishwa ufukweni na mawimbi, akakamatwa. Alinusurika vita, akatunukiwa nishani kwa juhudi za kumwokoa mwenzake, akarudi kwenye urubani. Aprili 1920 ndege yake ya majini ilianguka Felixstowe, Uingereza, wakati wa amani, akafa.