Kaka, hivi ndivyo walivyofikia kumgombania Mnazi

Sisi huku Columbia, South Carolina, wazima wa afya. Samahani kwa kimya changu, zamu za usiku zimeniandama na siku ya mapumziko mtu unailala yote.

Leo nimejilazimisha kuandika kwa sababu ya kaka. Wiki iliyopita nilituma kwenye kundi la familia picha ya Mnazi akiwa ameshika barua za vyuo. (Kwa msiomjua, Mnazi ni mwanangu wa pili. Jina hilo alipewa na bibi alipokuja likizo akiwa na miaka 13, akawa anainama kila mlango.) Usiku kaka akapiga simu. Hata hali hakuuliza. "Mdogo wangu, eti chuo kinataka kumlipa mtoto acheze mpira? Hiyo si rushwa? Anakwenda kusoma au anakwenda kuuzwa?" Nikababaika. Kaka, jibu langu ni hili hapa, na ni refu, kwa hiyo tafuta chai kabisa.

Kwanza mchezo wenyewe, maana huu si mpira wetu. Timu yenye mpira ina mtu mmoja wanayemwita kotabeki. Anasimama nyuma ya ukuta wa wanaume watano wazito, anapewa mpira, anaangalia nani yuko wazi mbele, anarusha. Muda alionao ni kama sekunde tatu tu. Sasa upande wa pili yupo kijana ambaye kazi yake ni kuuzunguka ule ukuta, au kuupasua, amfikie mrushaji kabla mpira haujamtoka mkononi. Mimi namwita mvamizi. Akifanikiwa kumwangusha wanaita saki, na hapo uwanja unalipuka. Shida ni kwamba mvamizi anatakiwa awe na kilo 115 au 120 na wakati huohuo akimbie kama winga wa Yanga. Watu wa namna hiyo ni wachache mno duniani. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walifika hadi kumsajili Mkenya Daniel Adongo kutoka kwenye raga, mtu ambaye hajawahi kuucheza mchezo huu hata siku moja, wakamweka kwenye nafasi hiyohiyo.

Na Mnazi ndipo anapocheza. Sasa mmeanza kuelewa zile barua.

Haya, tuje kwenye historia. Mchezo wa kwanza wa vyuo ulichezwa tarehe 6 Novemba 1869 kule New Jersey, Rutgers wakawafunga Princeton 6 kwa 4, watu 25 kila upande, na wote walikuwa wanafunzi kweli. Haikuchukua muda mambo yakaharibika. Mnakumbuka mamluki wa mashindano ya shule, yule "mwanafunzi wa kidato cha tatu" mwenye ndevu na watoto wawili? Wamarekani walikuwa nao zamani sana. Mwaka 1896 bwana mmoja aitwaye Fielding Yost, mwanafunzi wa West Virginia, "alihamia" chuo cha Lafayette, akacheza mechi moja kubwa dhidi ya Pennsylvania ambao walikuwa hawajafungwa michezo 36, wakashinda, kisha akarudi zake West Virginia kuendelea na masomo. Hakuna aliyemwadhibu. Baadaye akawa kocha maarufu wa Michigan! Kwa hiyo kaka, ukiuliza rushwa ilianza lini, jibu ni kwamba imezaliwa pamoja na mchezo.

Wakati huo mvamizi hakuwepo, kwa sababu kurusha mpira mbele kulikatazwa. Walikuwa wanasukumana tu, rundo juu ya rundo, na vijana walikuwa wanakufa. Mwaka 1905 walikufa wengi kiasi kwamba Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu wakubwa wa Harvard, Yale na Princeton akawaambia watengeneze mchezo wao. Mwaka 1906 sheria ikabadilishwa, ruksa kurusha mbele. Mwaka huohuo ukaundwa umoja wa vyuo ambao leo unaitwa NCAA. Yaani kazi anayotafutiwa mwanangu na chombo kilichosema kwa zaidi ya miaka mia kwamba asilipwe, vyote vilianza mwaka mmoja.

NCAA walisema mchezaji ni mwanafunzi, asipewe kitu. Vyuo vikaitikia ndiyo mzee, halafu vikaendelea kutoa. Mwaka 1929 shirika la Carnegie lilitoa ripoti baada ya kutembelea vyuo 112, ikaonekana 81 vinawapa wachezaji fedha au kazi za bandia. Mwaka 1956 wakakubali yaishe: chuo kiruhusiwe kumlipia mchezaji ada, chakula na malazi, basi. Miaka hiyohiyo ya hamsini NCAA wakabuni jina la "mwanafunzi-mwanamichezo" na wakalishikilia kama ngao. Ngao dhidi ya nani? Dhidi ya watu kama yule mjane wa Colorado. Mumewe alifariki mwaka 1955 kwa kuumia kichwa akiichezea timu ya chuo. Mjane akaomba fidia kama ya mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 mahakama kuu ya jimbo ikamnyima, ikasema ile haikuwa kazi. Nilipoyasoma hayo nilizima kompyuta nikatoka nje kidogo.

Sasa niwaambie habari ya mtu mnayemjua, ingawa hamjui kuwa mnamjua. Kaka, unazikumbuka filamu za Police Academy tulizokuwa tukiangalia kwenye banda la video? Lile pandikizi jeusi, Hightower? Huyo ni Bubba Smith, na kabla ya filamu alikuwa mvamizi. Alikulia Texas, mji wa Beaumont, karibu mita mbili kwa urefu. Mapema miaka ya 1960 vyuo vikubwa vya Kusini vilikuwa havisajili weusi. Chuo Kikuu cha Texas kilikuwa na uwanja mkubwa na mapesa, lakini mchezaji mweusi hakuvaa jezi ya timu yao kubwa mpaka 1970. Kwa hiyo mtoto wa Beaumont akasafiri zaidi ya kilomita 1,500 kwenda kwenye baridi ya Michigan State, ambako kocha Duffy Daugherty alikuwa anawachukua vijana weusi kutoka Kusini waliokataliwa kwao. Alipokuwa uwanjani watazamaji walikuwa wanaimba "Ua, Bubba, ua!" Mwaka 1967 ligi ya kulipwa ilipochagua vijana, yeye alikuwa wa kwanza nchi nzima, na katika nane wa mwanzo wanne walitoka Michigan State. Kusini waliona kwenye televisheni walichokitupa. Mimi naamini (haya ni maoni yangu) kwamba Kusini ilifunguliwa milango kwa hamu ya kushinda kuliko kwa huruma.

Bubba alifariki 2011. Mwaka 2016 ikatangazwa kuwa ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na CTE, ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi. Mama Mnazi anaijua habari hii. Hatuizungumzi wakati wa kula.

Mwingine ni Deacon Jones. Huyu ananigusa kwa sababu alisoma hapa jirani, South Carolina State, Orangeburg, kama dakika 45 kwa gari kutoka kwangu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alishiriki maandamano ya kudai haki za weusi, chuo kikamfutia udhamini. Akahamia chuo kidogo Mississippi, na mwaka 1961 alichaguliwa raundi ya 14, mtu wa 186, yaani makombo. Huyohuyo akaja kuwa mvamizi wa kutisha kuliko wote wa zama zake pale Los Angeles Rams, na ndiye aliyelieneza neno lenyewe la saki. Lakini hata yeye saki zake hazikuwa na hesabu rasmi, ligi ilianza kuzihesabu mwaka 1982 tu!

Kwa nini 1982? Mwaka 1978 sheria zililegezwa ili kurusha mpira kuwe rahisi, watu wakawa wanarusha kila saa, na anayemzuia mrushaji akapanda bei. Halafu 1981 akaingia Lawrence Taylor kutoka chuo cha North Carolina. Tarehe 18 Novemba 1985, mbele ya televisheni nchi nzima, alimwangukia kotabeki Joe Theismann wa Washington, mguu ukavunjika, na Theismann hakucheza tena maisha yake. Tangu hapo matajiri wa timu walilala wakimwota mvamizi, na vyuo vikaanza kumwinda akiwa bado sekondari.

Na kuwinda kwenyewe... Usajili wa Simba na Yanga cha mtoto. Pale Dallas, chuo cha SMU kilikuwa na mfuko wa siri wa kuwalipa wachezaji. Mchezaji mmoja wa ulinzi alijitokeza kwenye televisheni mwaka 1986 akasema alipewa dola 25,000 ili asaini. Mwaka 1987 NCAA wakaifuta timu msimu mzima. Wachezaji 13 walikuwa wamelipwa kama dola 61,000 kwa ujumla. Huku vyuo vikivuna mamilioni ya televisheni, halali kabisa.

Mimi nilikuja kuelewa yote hayo kwa kijana mmoja wa hapa, Jadeveon Clowney wa Rock Hill, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka Columbia. Mwaka 2011 ndiye alikuwa namba moja kati ya vijana wote wa sekondari nchi nzima. Wenzake walitia saini mwanzoni mwa Februari, yeye akawangojesha watu wazima na suti zao mpaka tarehe 14, siku aliyotimiza miaka 18, akatangaza kwamba anakuja hapa South Carolina. Timu yetu inaitwa Majogoo (msicheke). Siku ile kazini kwetu wagonjwa na manesi walikumbatiana. Kabla yake chuo hiki hakikuwahi kushinda michezo 11 katika msimu mmoja. Naye akiwepo kilishinda 11 mara tatu mfululizo, 2011, 2012 na 2013. Msimu wa 2012 peke yake alipiga saki 13. Uwanja unaingiza watu zaidi ya 77,000, piga hesabu ya Uwanja wa Mkapa halafu uongeze 17,000, na ulikuwa unajaa. Mwaka 2013 kocha alikuwa analipwa zaidi ya dola milioni 3. Clowney kwa sheria alipata ada, chakula na kitanda. Na kwenda kulipwa hawezi, kwa sababu ligi ya NFL haimchukui mtu mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari.

Miaka hiyo nilikuwa na kibarua cha Jumamosi, kulinda geti pale uwanjani. Tarehe 27 Oktoba 2012 nilikuwa nje, nasikia kelele kama kawaida, ghafla kimya. Watu elfu themanini kimya. Alikuwa Marcus Lattimore, mkimbiaji wetu, mwenzake Clowney, goti lake limetoka kabisa mahali pake. Hakuwahi kucheza hata mechi moja ya NFL. Mwaka uliofuata watu wengi mjini wakawa wanasema Clowney asicheze tena, akae nyumbani alinde magoti yake mpaka alipwe. Alicheza. Mwaka 2014 akachaguliwa wa kwanza, mkataba wa karibu dola milioni 22, na mechi ya kwanza kabisa goti likaumia. Mechi ya kwanza, kaka! Ingekuwa miezi kumi kabla, angekuwa mwanafunzi-mwanamichezo mwenye goti bovu.

Basi kilichobadilika ni hiki. Juni 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa, iliwapiga NCAA katika kesi ya Alston. Siku kumi baadaye, tarehe 1 Julai, wachezaji wakaruhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao, matangazo na kadhalika. Na Juni 2025 jaji wa California akaidhinisha makubaliano yanayoruhusu chuo chenyewe kiwalipe wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa michezo yote ya chuo. Kwa hiyo kaka, swali lako la rushwa: mwaka 2020 ingekuwa hivyo, na chuo kingeadhibiwa. Leo ni mkataba na unakatwa kodi. Kwa Mnazi kimetajwa kiasi, sikiandiki hapa kwa sababu nawajua ndugu zangu.

Swali la pili, la kusoma au kuuzwa, ndilo linaloninyima usingizi. Tangu 1973 udhamini ulifanywa wa mwaka mmoja mmoja, kocha akikuchoka alikuwa hakuandiki tena. Kuanzia 2012 chuo kiliruhusiwa kutoa wa miaka mingi, lakini kiliruhusiwa tu, hakikulazimishwa. Nimeisoma karatasi waliyotutumia mara tatu, kamusi pembeni. Inaeleza vizuri atalipwa nini akicheza. Ukurasa unaosema ada yake nani atailipa endapo hatacheza tena, sijauona.

Kocha anakuja nyumbani wiki ijayo, na kutia saini ni Desemba. Mama Mnazi atapika pilau. Mnazi kaniomba nisiulize mambo ya goti mbele ya mgeni, eti nitamwaibisha. Nitauliza. Bibi asomewe waraka huu wote isipokuwa ile sehemu ya Lattimore. Nitawaandikia kocha akishaondoka.