Nani Aliamua Wimbo Mtakatifu Usikike Vipi?

Mtu yeyote mwenye ameimba kwaya hapa Rodi Kopany anaujua huu ubishi. Vijana wakileta kinanda, wazee wanasema hiyo ni disko. Ukigusa mdundo wa ohangla kwa ibada, jiandae kuitwa kikao. Mimi niko upande wa vijana, na sababu yangu iko kwa historia.

Tuanzie karibu. Ukivuka Malaba ufike Mbale, utapata Wayahudi. Ndio, Wayahudi Waafrika kabisa, wanaitwa Abayudaya. Mwaka wa 1919 Semei Kakungulu, mkuu wa vita aliyewasaidia Waingereza kuteka mashariki mwa Uganda kisha wakakosana, alilisoma Agano la Kale, akajitahiri yeye na wanawe, akaamua ni Myahudi. Hakuna mmishonari alimtuma.

Idi Amin alipiga dini yao marufuku. Waliobaki waliomba kwa siri, na alipopinduliwa 1979 walikuwa kama 300 pekee. Waliofufua mambo ni vijana, wakiwemo Gershom Sizomu na J.J. Keki. Zaburi waliziimba kwa Kiganda na Kiebrania, na gitaa, kwa sauti zilizopangana kama kwaya zetu tu. Mwaka wa 2003 Smithsonian Folkways ilitoa albamu yao, na ikateuliwa kuwania Grammy.

Najua mtu ashaanza kusema: "Lakini hiyo si ya Kiyahudi, hiyo imetoka kanisani."

Sawa. Sasa twende Italia, enzi za Renesansi. Mjini Mantua kulikuwa na Myahudi anaitwa Salamone Rossi, mpiga fidla kwa jumba la watawala, familia ya Gonzaga. Katika sinagogi za wakati huo, maombi yaliimbwa kwa sauti moja. Wengi waliamini kwamba tangu Hekalu la Yerusalemu libomolewe, muziki wa kupendeza haufai. Watu wako matangani. Rossi akaandika nyimbo 33 za Kiebrania, za sauti tatu hadi nane, kwa mtindo uleule wa makanisa na majumba ya Italia. Zilichapishwa Venice mwaka wa 1623.

Unafikiri hawakumwambia ameleta kanisa kwa sinagogi? Walijua vita inakuja. Ndio maana rabi Leon Modena aliweka ndani ya kitabu uamuzi wa kidini aliouandika 1605, unaoruhusu kuimba hivyo. Hata uchapishaji ulikuwa kazi: noti zinasomwa kushoto kwenda kulia, Kiebrania kulia kwenda kushoto!

Halafu 1630 majeshi ya Kaizari yakateka Mantua, na mtaa wa Wayahudi ukaporwa. Nyimbo zikanyamaza zaidi ya miaka 200, hadi zikachapishwa upya Paris karne ya 19. Leo kwaya za Kiyahudi zinaziimba kwa fahari, kama urithi wa mababu.

Umeona vile inaenda? Kitu kiliogopwa kama ugeni leo ndicho kinaitwa mila. Hata hizo nyimbo za vitabu ambazo wazee wetu wanazilinda, nyingi zilikuja na wamishonari juzi tu, miaka ya 1900 hivi.

Kwa hivyo wanakwaya, tungeni. Lakini Rossi aliokolewa na karatasi, si na makofi. Andikeni nyimbo zenu, rekodini, wekeni jina la mtunzi. Ubishi wa kikao utaisha. Wimbo usioandikwa nao utaisha pia.