Ampea Tatu za Usiku wa Amu

Ukisikia watu wakisimulia historia ya Amu, utasikia milango ya nakshi, maulidi, majumba ya mawe ya matumbawe, na punda wanaopishana kwenye vichochoro. Ni historia ya kweli, na UNESCO iliitia muhuri Desemba 2001 ilipouweka mji wa kale wa Lamu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini iko nyingine isiyo na muhuri. Hii inaandikwa kwa koleo na utepe wa umeme, kwenye vibanda vya mafundi, na swali lake ni moja tu: nani ana haki ya kuona usiku? Mimi naisoma kwenye taa za ziada za pikipiki.

Hebu turudi nyuma kidogo. Kwa miaka mingi kisiwa cha Amu kilijulikana kwa gari moja, la DC. Mizigo ilibebwa na punda, na bado inabebwa. Safari ndefu zilikuwa za jahazi na mashua. Usiku wa nyumbani ulikuwa wa fanusi, na usiku wa baharini ulikuwa wa karabai, ile taa ya mafuta ya kupiga pampu ambayo wavuvi waliitumia kuwavuta samaki. Yaani mtu wa Amu amejua siku nyingi kwamba taa si pambo. Taa ni chombo cha kazi, kama wavu na kama tanga.

Kisha ikaja bodaboda. Jina lilitoka mbali, mpakani Busia, ambako vijana wa baiskeli waliwavusha watu kati ya Kenya na Uganda. Kilichozileta pikipiki kwa wingi ni bajeti: mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, na kijana asiyeweza hata kuota gari akaanza kuhesabu shilingi za Boxer au TVS. Upande wa bara wa Lamu, kuanzia Mokowe hadi Hindi na Mpeketoni, nduthi zikawa ndizo matatu, ndizo ambulensi, ndizo lori la mazao.

Shida ni kwamba zilitengenezwa kwa bei, hazikutengenezwa kwa barabara ya Hindi saa tatu usiku. Nyingi za zile za bei nafuu zilikuja na globu ya mbele ya wati 35, inayopata umeme moja kwa moja kutoka koili ya injini. Ukiongeza mafuta taa inawaka, ukipunguza inafifia. Sasa fikiria: unapunguza mwendo lini? Pale penye shimo, mchanga au nyati. Yaani mwanga unakukimbia wakati ule ule unapouhitaji.

Halafu ukaja mwaka 2014. Usiku wa kuamkia 16 Juni, Mpeketoni ilishambuliwa, na pamoja na vijiji vya jirani watu zaidi ya 60 waliuawa katika siku chache. Julai serikali ikatangaza kafyu Lamu, kuanzia jioni hadi asubuhi. Ikaongezwa mara kadhaa, na mwaka 2017 kafyu nyingine ikaja. Waliobeba uzito ni wale wanaokula kwa usiku: mvuvi wa karabai na dereva wa boda. Taa, iliyokuwa chombo cha kazi, ikageuka kitu cha kueleza. Unaenda wapi na mwanga huo? Umembeba nani?

Oktoba ya mwaka huo huo, huko Stockholm, wanasayansi Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitangazwa kuwa washindi wa tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kuvumbua LED ya buluu, ndiyo iliyowezesha taa nyeupe za umeme kidogo. Mimi nikiziweka habari hizi mbili pamoja huwa nanyamaza kidogo. Dunia ilikuwa inasherehekea mwanga wa bei rahisi, Lamu ilikuwa inaamriwa kuingia ndani magharibi. Kafyu ilipolegea, mwanga ule ulikuwa unauzwa dukani, jozi kwa jozi, tayari kufungwa kwenye usukani.

Nimekaa sana kwenye kibanda cha fundi mmoja wa waya pale Mokowe, na darasa lake ni lile lile kila siku. Kijana anafika: "Fundi, nitilie zile kubwa kabisa."

"Mwanangu, betri yako yalingana na kiganja, wewe wataka taa za lori?"

Halafu anapiga hesabu kwenye karatasi ya sigara. Gawanya wati kwa volti, upate ampea. Taa mbili za wati 20 ni wati 40. Kwa betri ya volti 12 ni ampea 3.3. Betri ya ampea-saa 5, injini ikiwa imezimwa, haifiki hata saa moja na nusu. Wati 100 ndizo zinazomlaza mtu njiani, kwa sababu koili ya pikipiki ndogo haina ziada hiyo.

Kutoka hapo kila kifaa kina sababu yake. Umeme uchukuliwe kwenye betri, baada ya reketifaya, kwa kuwa ule wa koili unapanda na kushuka na LED haiupendi. Fyuzi iwe ya ampea 5, karibu kabisa na chanya ya betri, ili waya ukichunika ikatike fyuzi na pikipiki isiungue. Kisha rilei. Nambari zake ni 30, 85, 86 na 87: umeme mdogo wa swichi unapita 85 na 86, mkubwa wa taa unapita 30 na 87. Swichi haichomeki, na mkono wako haubebi mzigo.

Hiyo rilei nayo ina ukoo. Joseph Henry, Mmarekani, aliibuni miaka ya 1830, na kazi yake kubwa ya kwanza ikawa kwenye telegrafu, kupokezana ishara dhaifu na kuzitia nguvu upya. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulipita chini ya bahari yetu hii kutoka Aden hadi Unguja, ukabeba habari za bei na za dola. Leo mjukuu wake anauzwa kwa shilingi chache, anambebea mwanga mama mjamzito anayekimbizwa hospitali.

Na hapa pwani kuna somo ambalo kitabu cha pikipiki hakikufundishi: chumvi. Shaba tupu inageuka kijani ndani ya ala yake, na taa inaanza kucheza bila sababu inayoonekana. Mafundi wetu waliazima dawa kutoka kwa mafundi wa boti: waya wa shaba uliopakwa bati, grisi kwenye viungo, mpira wa kubana kwa moto. Ujuzi wa bahari umepanda barabarani.

Wapo wanaosema pikipiki zinaua urithi wa Amu, na ndani ya mji wa kale nakubaliana nao. Kichochoro cha punda wawili hakikujengewa taa ya kupofusha wazee wakitoka msikitini. Taa za ziada zielekezwe chini, ziwe na swichi yake, zizimwe ukikutana na mtu. Lakini urithi usiwe neno la kumwachia maskini giza. Gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa Mei 2021, na taa zake zinawaka usiku kucha bila mtu kuziuliza zinaenda wapi. Kijana wa Hindi naye anadai ampea tatu tu, na anazilipia mwenyewe.