Nusu kwa Nusu

Baba yetu alipofariki pale Ujiji alituacha ndugu wawili na mitumbwi miwili. Wazee wakasema hesabu ni nyepesi: kila mmoja achukue wake, nusu kwa nusu. Hatukulalamika. Lakini mtu wa Kigoma ataliona kosa letu mara moja. Mitumbwi ile ilikuwa chombo kimoja cha dagaa. Usiku wa giza ilifungwa pamoja kwa miti, karabai zikawashwa, na wavu ukashushwa katikati yake. Mtumbwi mmoja peke yake hauwezi kuuinua wavu ule. Basi tukawa na nusu mbili zilizo sawa, na kazi hakuna. Kaka akaacha kusema nami.

Miaka mingi baadaye nikajua kwamba ziwa lenyewe lina habari ya nusu. Mwaka 1898 mtaalamu Boulenger, wa jumba la makumbusho mjini London, alimweleza samaki mdogo wa Tanganyika, akampa jina la Perissodus microlepis. Chakula chake ni magamba ya samaki wenzake. Huwanyemelea kutoka nyuma na kuyanyofoa ubavuni. Mdomo wake umepinda: wengine umeelekea kulia, nao hushambulia ubavu wa kushoto, wengine umeelekea kushoto, nao hushambulia ubavu wa kulia.

Tumezoea kuona kwamba kiumbe kamili ni yule ambaye pande zake mbili zinalingana, kama jani la mwembe likikunjwa katikati. Samaki huyu, ukimtazama mmoja, hakulingana. Lakini ukiwahesabu wengi, wa kulia na wa kushoto hukaribia nusu kwa nusu.

Ni nani anayewagawa? Mwaka 1993 Mjapani Michio Hori, aliyewafuatilia kwa miaka 11, alitoa maelezo yake katika jarida la Science. Wa mdomo wa kulia wakizidi, samaki wanaowindwa hujihadhari zaidi upande wa kushoto. Hapo wale wachache, wa mdomo wa kushoto, hushiba na kuzaa zaidi, mpaka nao wazidi, na mizani igeuke tena. Watafiti wengine wamejadili ni kiasi gani mpindo huo hurithiwa na kiasi gani huletwa na mazoea. Lakini nusu hiyo haikukatwa kwa kisu siku moja. Hupanda na kushuka, na kila mara hurekebishwa.

Sisi tulirekebishwa na mama. Alituita uani akasema, "Wanangu, baba yenu aliacha chombo; ninyi mmegawa mbao."

Jioni ile tuliifunga tena mitumbwi. Tangu hapo tuligawana samaki, si vyombo. Kuna alfajiri fungu langu lilipungua, na kuna alfajiri la kaka lilipungua. Hatukupimiana tena. Mwisho wa msimu kila mmoja aliona amepata nusu yake.