Hewa, Usafi na Chokaa: Historia ya Kusawazisha Kemia ya Maji katika Tangi la Matumbawe, 1846–2000

Ikisiri

Makala hii inafuatilia jinsi wafugaji wa matumbawe walivyojifunza kusawazisha kemia ya maji ya bahari ndani ya tangi, kuanzia London mwaka 1846 hadi Arizona mwaka 2000. Inajenga hoja kwamba usafi wa maji na usawa wa kemia yake ni mambo mawili tofauti, na kwamba tofauti hiyo ina uzito katika sera za ufuatiliaji wa bahari.

1. Utangulizi

Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wameujua uhusiano wa matumbawe na chokaa kwa karne nyingi. Misikiti na majumba ya Kilwa yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa iliyoyashikamanisha ilitokana na kuchomwa kwa matumbawe yenyewe. Moto huondoa kaboni dioksidi katika jiwe na kuacha chokaa. Tumbawe hai hufanya kazi ya kujenga: huchukua kalsiamu na kaboneti kutoka majini na kuzigeuza jiwe. Historia inayosimuliwa hapa ni ya watu waliojaribu kuiwezesha kazi hiyo mbali na bahari.

2. Swali la hewa

Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa Uingereza, alichukua matumbawe hai kutoka Torquay na kuyapeleka London. Kwa kuwa maji mapya ya bahari yalikuwa adimu, kila siku mtumishi wake aliyamimina maji yaleyale kutoka chombo kimoja hadi kingine ili yapate hewa. Mwaka uliofuata Thynne aliongeza mwani, na matumbawe yakaishi kwa takriban miaka mitatu. Jibu lake lilifaa kwa matumbawe ya maji baridi, ambayo hukua taratibu. Matumbawe ya tropiki yalikuwa na mahitaji mengine.

3. Kutoka usafi hadi chokaa

Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza mfumo wake wa asili: mawe hai kutoka baharini, mwanga wa jua na mapovu ya hewa. Viumbe wadogo waliomo katika mawe hayo walishughulikia uchafu. Hata hivyo, tangi lenye maji safi bado liliweza kuwa na matumbawe yaliyodumaa, kwa sababu malighafi ya mifupa yao ilikuwa ikiisha.

Katika miaka ya 1970 Peter Wilkens, aliyeandika kwa Kijerumani, alisisitiza matumizi ya maji ya chokaa. Chokaa iliyozimwa huyeyushwa katika maji yasiyo na chumvi, kisha hudondoshwa polepole kufidia maji yaliyopotea kwa mvuke. Ikikutana na kaboni dioksidi, hutoa kalsiamu na bikaboneti kwa uwiano uleule unaotumiwa na tumbawe. Ikimiminwa kwa haraka, hupandisha pH kupita kiasi. Kwa hiyo kudondosha polepole ni sehemu ya mbinu yenyewe.

4. Hesabu iliyojificha

Maji ya kawaida ya bahari yana takriban miligramu 410 za kalsiamu kwa lita, na ualikali, yaani uwezo wa kuzimua asidi, wa takriban milikwivalenti 2.3 kwa lita. Matumbawe yakijenga mifupa kiasi cha kupunguza ualikali kwa milikwivalenti 1, kalsiamu hupungua kwa miligramu 20 tu. Ualikali umeshuka kwa zaidi ya asilimia 40, ilhali kalsiamu imeshuka kwa takriban asilimia 5. Anayepima kalsiamu peke yake ataona maji mazima wakati hazina yake inakauka. Ndiyo sababu wafugaji makini walianza kuupima ualikali mara kwa mara.

5. Bahari ndogo ya Arizona

Biosphere 2, jengo lililofungwa mwaka 1991 huko Arizona, Marekani, lilikuwa na bahari ya takriban lita milioni 2.6. Kaboni dioksidi iliongezeka katika hewa yake na kuingia majini. Mwaka 2000 Chris Langdon na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyika humo: kasi ya ujenzi wa miamba ilifuata kiwango cha maji kushiba kaboneti ya kalsiamu. Tatizo la mfugaji wa tangi likawa ushahidi kuhusu bahari zote.

6. Hitimisho

Lengo la Maendeleo Endelevu 14.3 linahusu kuongezeka kwa asidi baharini, na kiashiria chake ni wastani wa pH. Historia hii inaonyesha kwamba pH pekee haitoshi. Hupanda mchana mwani unapotumia kaboni dioksidi na kushuka usiku, na haielezi akiba ya kaboneti bila kipimo cha pili. Inapendekezwa kwamba vituo vya ufuatiliaji vya ukanda wetu vipime ualikali sambamba na pH, joto na chumvi, mahali palepale na kwa miaka mfululizo. Mfugaji hurudisha chokaa kwa matone. Mwenye dhamana ya bahari hana chupa ya namna hiyo. Alicho nacho ni kupima mapema na kutetea upunguzaji wa kaboni dioksidi kwa takwimu za bahari yake mwenyewe.